Kipaza Picha: Jina la Kisanduku Kisicho na Jina

Naandika juu ya neno ambalo halimo katika kamusi yoyote niliyo nayo kabatini, na ambalo vijana wa Mwanjelwa hapa Mbeya na wenzao wa Miyomboni kule Iringa wanalihitaji kuliko maneno mengi tuliyowatungia bila wao kuomba. Ni jina la kile kisanduku kidogo kinachowekwa kati ya mashine ya zamani ya gemu na runinga bapa ya siku hizi, ili picha iliyotengenezwa kwa ajili ya kioo cha chogo ionekane vyema katika kioo kipya. Mafundi wengine hukiita konveta, wengine adapta, na wengine husema tu kile kidude cha HDMI. Majina yote matatu yanaficha kazi yake, na kufichwa huko kunawagharimu watu fedha.

Msomaji aliyezoea tujadili hapa vina, urari na lahaja atauliza gemu zimeingilia mlango gani. Zimeingilia mlango wa mizani, kama nitakavyoeleza. Mimi ni mwalimu mstaafu, si fundi. Niliyoyajua nimeyajua kwa kukaa kwenye benchi la fundi na kuuliza, kama nilivyowataka wanafunzi wangu wafanye walipokutana na neno gumu.

Kwanza tulitazame neno chogo, maana ni ushahidi wangu mkuu. Runinga za zamani zilikuwa na mgongo mrefu kwa sababu ndani yake mlikuwa na chupa kubwa ya kioo. Katika shingo ya chupa hiyo ilitoka miale ya elektroni iliyochora picha mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu hadi chini, upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata. Watu wakauona mgongo ule kuwa ni kisogo kilichochomoza, wakaiita runinga ya chogo. Hapakuwa na kamati. Ilipofika iliyo nyembamba wakaiita flati, na wanaochunga ulimi wakaiita bapa.

Ushahidi wa pili ni king'amuzi. Mwaka 2012 ulipokuwa unamalizika, Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, na mwaka 2013 zamu ikafika Mbeya. Kila nyumba yenye runinga ikahitaji kisanduku cha kufasiri mawimbi ya dijitali. Mtaa ukakiita king'amuzi, wataalamu wakapendelea kisimbuzi. Majina yote mawili ni Kiswahili kitupu, yamezaliwa na vitenzi vyenye maana, ng'amua na simbua, na hata leo mama muuza mboga wa Uyole anajua analolipia anaponunua kimojawapo. Linganisha na tarakilishi, neno zuri lililobaki vitabuni huku mtaa mzima ukisema kompyuta. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba king'amuzi kilifika siku ile ile ambayo kitu kilihitajika, na kilisema kitu hicho kinafanya nini.

Sasa nieleze hasara. Yupo kijana mwenye banda la gemu karibu na soko la Mwanjelwa. Ana mashine kadhaa za PlayStation 2, aina iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, na moja ya kaseti, mwigo wa ile Famicom ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Chogo zake zilipokufa alinunua runinga bapa. Wateja wakaanza kugomba: ukibonyeza kitufe, mchezaji wa mpira anafikiri kwanza ndipo apige. Aliponiona napita akanisimamisha.

"Shikamoo mwalimu. Hivi huku kuchelewa kwa picha kunaitwaje? Wateja wanasema nimechezea mashine ili wamalize hela. Nawaambia ni TV, hawanielewi."

Alikuwa ameshakwenda dukani na kuuziwa konveta yenye maandishi 1080 juu yake, kwa maelezo kwamba "inaongeza HD". Haikuongeza chochote isipokuwa ukungu na kuchelewa zaidi. Sisemi kwamba muuzaji alimdanganya kwa kusudi. Muuzaji hakuwa na maneno ya kutofautisha kugeuza waya, kupanua picha na kuinoa, kwa hiyo vyote vitatu vilikuwa kitu kimoja kwake, na kwa mteja wake pia. Pale ambapo lugha haijatenganisha vitu, bei hutenganisha, na mnunuzi hudhani kilicho ghali ndicho bora au kilicho rahisi kinatosha.

Mashine ya aina ya Famicom huchora picha yenye mishororo 240. Nasema mishororo kwa makusudi, kwa sababu fundi akisema "laini" anaweza kuwa anazungumzia simu, na akisema "mistari" anaweza kuwa anazungumzia kasoro ya kioo. Chogo ilizoea kupokea picha ya televisheni kwa nusu mbili: kwanza mishororo witiri, kisha mishororo shufwa, ikizisuka jichoni. Wahandisi wa gemu walitumia ujanja. Walituma nusu ile ile kila mara, mishororo ikawa inaangukia mahali pale pale, mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea mfumo wa nchi, na katikati ya mshororo na mshororo pakabaki uzi wa giza. Picha ikawa tulivu.

Runinga bapa nyingi hazijui ujanja huo, na vikonveta vya bei rahisi navyo havijui. Vikipokea picha hizo hudhani ni nusu mbili za picha moja, huzisubiri, huzisuka pamoja, kisha ndipo huzionyesha. Ndiyo maana kitu kinachokimbia huota meno ya kitana pembeni. Na ndiyo maana mhusika anayetakiwa kupepesa baada ya kupigwa hutoweka kabisa: alichorwa katika picha moja na kuachwa katika inayofuata, na msukaji akachukua ile aliyoachwa.

Hapa ndipo mizani inapoingia. Kioo cha runinga inayoitwa HD kamili kina mishororo 1080. Gawa kwa 240 utapata nne na nusu. Mshororo hauwezi kurudiwa mara nne na nusu, kama vile silabi haiwezi kukatwa nusu ili mizani itimie. Mashine ikilazimishwa kujaza kioo chote, mishororo mingine itarudiwa mara nne na mingine mara tano, na picha inapopanda au kushuka, jicho litaona vitu vikitikisika kama mtu anayechechemea. Mshairi yeyote anayesoma haya ana neno lake tayari: guni. Picha hiyo ni guni. Nilipomweleza fundi kwamba shairi lenye mizani nane kwa nane likiwekewa tisa hapa na saba pale huitwa guni, alicheka, kisha akaanza kulitumia mbele ya wateja kabla sijaondoka.

Kwa hesabu hiyo hiyo kioo cha mishororo 2160, kile kinachouzwa kwa jina la 4K, kinafaa kuliko cha 1080, kwa kuwa 240 mara tisa ni 2160 kamili. Cha 720 nacho kingefaa, mara tatu, lakini hapa kuna mtego. Runinga nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwa jina la HD hazina mishororo 720, zina 768. Picha iliyotengenezwa vyema kwa 720 hupanuliwa tena kidogo ili ijaze, na guni hurudi kwa mlango wa nyuma. Mwenye kioo cha 1080 ana njia mbili za haki: kuzidisha mara nne, apate 960 na kubakiza utepe mweusi wa mishororo 60 juu na 60 chini, au kuzidisha mara tano, apate 1200 na kukata 120 zisizoingia. Mimi nachagua utepe mweusi. Ukurasa wa diwani una nafasi nyeupe pembeni, na hakuna anayelalamika kwamba mchapaji ameiba karatasi.

Kuchelewa ni kadhia nyingine, nayo kwa mwenye banda ndiyo kubwa. Naipendekezea neno ukawio, kutokana na kukawia. Kisanduku kinachohifadhi picha nzima kabla ya kuitoa hakiwezi kukwepa ukawio, kwa kuwa picha moja tu, kwa mwendo wa 60 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 17, na vile vya ovyo huhifadhi zaidi ya moja. Kisha runinga yenyewe huongeza ukawio wake, ikilainisha, iking'arisha, ikikisia mwendo. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: ingia kwenye menyu ya runinga utafute modi ya gemu, nayo itazima mapambo hayo. Kijana wa Mwanjelwa alikuwa hajawahi kuifungua. Ilipunguza nusu ya ugomvi palepale.

Vipo visanduku vilivyoundwa na watu wanaoijua kazi hii. Kimoja huitwa OSSC, ambacho michoro yake imewekwa wazi ili yeyote aweze kukijenga. Hakihifadhi picha: kila mshororo unapoingia hurudiwa mara mbili, tatu, nne au tano na kutolewa, hivyo ukawio wake hauhisiki. Kipo pia ukoo wa RetroTINK, wa mhandisi Mike Chi. RetroTINK 5X ilitoka mwaka 2021 na huweza kutoa mishororo 1080. RetroTINK 4K ilitoka mwaka 2023 na hufika 2160; ilipotoka bei yake ilikuwa dola 750, yaani zaidi ya mshahara wa mwezi wa mwalimu anayeanza kazi. Wanaoandika kutoka nchi tajiri huishia hapo: nunua kilicho bora. Ushauri huo haufiki Mbeya.

Jambo ambalo huwa halisemwi kwa mnunuzi ni kwamba OSSC haipokei ule waya wa njano. Mashine ya kaseti ya kijana wetu ina waya wa njano tu wa picha, ambamo mwanga na rangi vimechanganywa pamoja kama maziwa na chai. Angeagiza OSSC kutoka ng'ambo, akailipia na ushuru, kisha asipate hata tundu la kuchomeka. Na PlayStation 2, ambayo michezo yake mingi kweli hutuma nusu mbili, ikipitishwa OSSC picha hutetemeka, kwani kisanduku hicho hurudia kila nusu bila kuisuka na mwenzake. Kwa mashine hiyo ningeanza na waya wenye vichwa vitano, vitatu vya picha na viwili vya sauti, nichomeke moja kwa moja kwenye runinga iwapo ina matundu yake. Waya huo hauna ajabu yoyote, ila unatenganisha rangi na mwanga tangu mwanzo, na kile ambacho hakikuchanganywa hakihitaji kuchambuliwa. Kwa mashine ya kaseti nilimwambia atafute chogo. Bado zipo nyuma ya maduka ya mafundi, zinachukua nafasi na wenyewe wanatamani ziondoke. Aliyewahi kucheza gemu ya kuwinda bata kwa bunduki ya plastiki anajua pia kwamba bunduki ile haifanyi kazi mbele ya kioo bapa, kwa kuwa inategemea namna na wakati chogo inavyochora. Hakuna kisanduku cha njiani kinachorudisha hilo.

Nina neno juu ya kunoa picha, na hapa nawasemesha washairi zaidi kuliko mafundi. Watu wengi hudhani picha iliyo kali zaidi ndiyo ya kweli zaidi. Si hivyo siku zote. Katika gemu ya Sonic ya mwaka 1991, ya mashine ya Sega, maporomoko ya maji yamechorwa kwa vijistari vya wima vilivyoachana. Kwa waya wa njano na kioo cha chogo vijistari hivyo viliyeyukiana, macho yakaona maji unayoweza kuona ng'ambo yake. Ukisafisha picha hadi kila nukta isimame peke yake, maji yanakuwa pazia la mianzi. Mchoraji hakuchora mianzi. Alijua waya wake na kioo chake, akachora kwa kuvitegemea.

Sisi tumeyafanya hayo hayo kwa mashairi. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita katika Mombasa ya karne ya 19. Tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940. Nimeona madaftari ya wanafunzi, na ya walimu pia, ambamo mashairi ya Kimvita na Kiamu "yamesafishwa" ili yasomeke kwa Kiswahili sanifu: mato yamekuwa macho, ndia imekuwa njia, moya imekuwa moja. Nia ni njema. Lakini ikiwa beti lilisimama juu ya kina cha -to, ukigeuza mato kuwa macho umeondoa nguzo na kubakiza paa. Mwanafunzi anasoma, haoni kina, anahitimisha kwamba wazee walikuwa wanatunga ovyo. Anayenoa ndiye aliyeharibu, na anayelaumiwa ni marehemu. Nililipigania jambo hili katika vikao vya walimu tangu Iringa hadi Mbeya, na wengi waliona nachelewesha silabasi.

Siku hizi kunoa kumepata mkono mpya. Zipo runinga na programu zinazotumia akili unde kukisia kile ambacho hakikuwamo: zinapewa uso wa nukta kumi na mbili, zinaupa nyusi. Mtu ana haki ya kupenda hivyo nyumbani kwake. Nisichokubali ni kuiita kazi hiyo kwa jina moja na kazi ya OSSC, ambayo inarudia kilichosemwa bila kuongeza neno.

Kwa hiyo napendekeza kipaza picha. Kipaza sauti tunakijua. Kazi yake ni kulifikisha neno la msemaji kwa aliye nyuma kabisa ya uwanja, neno lile lile, kwa kiwango kikubwa zaidi. Kipaza sauti kinachobadili maneno ya msemaji ni kibovu, hata kama maneno yake ni matamu. Kipaza picha kipimwe hivyo hivyo. Konveta ibaki kuwa jina la kile kinachogeuza aina ya waya tu, wala tusione haya kulitumia, kwani limeshakubalika. Kile kinachokisia na kuongeza kiitwe kipamba picha, ili mnunuzi ajue anapewa mapambo.

Mwenzangu mmoja wa Iringa, mwalimu wa Kiswahili wa miaka mingi, amenipinga kwa barua. Anasema kupaza ni kwa sauti, na kwamba kikuza picha lingetosha, maana tunasema kukuza picha tangu enzi za studio za negativu. Hoja yake ina nguvu. Jibu langu ni kwamba kinachokua hubadilika: mtoto akikua haonekani vile vile kwa ukubwa zaidi, huota ndevu. Tena kupaza si kwa sauti peke yake. Sisi wa nchi ya mahindi tunajua kupaza nafaka, kuisaga kwa kuivunja bila kuilainisha, chenga zibaki zinahesabika. Sijui neno gani lingeeleza vizuri zaidi picha ya nukta kubwa kubwa ambazo hatutaki zifanywe uji.

Limebaki moja ambalo sijalipatia jina. Picha ya zamani ina umbo la nne kwa tatu, na kioo kipya kina kumi na sita kwa tisa. Usipoirekebisha runinga, picha huvutwa pembeni, mpira unakuwa yai na kila mchezaji anaonekana amenenepa. Karibu kila banda nililoingia limeiacha hivyo, na karibu kila sebule pia, hata taarifa za habari za zamani zikionyeshwa viongozi wetu waliokuwa wembamba wanaonekana wameshiba kupita kiasi. Rekebisho ni kitufe kimoja katika rimoti. Kuvuta hakufai kuwa jina lake, kwa kuwa kuna kuvuta karibu. Kutanua kunasifia kisichostahili sifa. Mwenye neno alilete, pamoja na sentensi moja ya kulitumia, nami nitalipeleka kwa fundi kuona kama linakaa mdomoni.